Sauti ya Chini kwa Ajili ya Pandeli

Jumapili, 1 Oktoba

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya gliko, yaani matunda ya kuhifadhi kwa sukari, kwa sababu kila mwaka nasahau kilo ya tini inataka sukari kiasi gani, na kila mwaka jirani yangu Lefteri ananisuta. Leo naandika jambo lingine. Kaka yangu Pandeli amenipigia kwenye kompyuta kutoka Melbourne, kama kila Jumapili, akaniambia ana saratani ya koo. Tarehe 5 Desemba watamtoa koromeo lote. Mungu akipenda atabaki hai, lakini sauti hatakuwa nayo tena.

Alinieleza polepole, kwa sauti iliyokwaruza, bila kujihurumia. Mimi nilikuwa na sufuria motoni, nikaiacha tini ikaungua. Sikulia mbele yake. Nilimuuliza anataka nini kutoka nyumbani, nikidhani atasema pombe yetu ya raki, au asali ya Sotir, mume wa Lefteri.

"Tali," akasema, "nataka kuimba sehemu yangu mara moja tu. Na iso chini yangu. Iso ya watu, si hii ya kichwani mwangu."

Wimbo ni ule wa baba yetu, wa watu walioondoka kwenda kutafuta maisha ng'ambo. Mimi ndiye ninayeuanzisha. Pandeli ndiye anayejibu, anaugeuza na kuurudisha. Chini yetu Sotir na mkewe Lefteri wanashika iso, ile sauti moja nzito isiyokatika, mmoja akivuta pumzi mwenzake anashikilia. Pandeli aliondoka miaka ishirini na sita iliyopita, mwaka ule nchi ilipovurugika, na tangu hapo wimbo haujaimbwa mzima. Alirudi mara moja, kumzika mama, na nyumba yenye msiba haiimbi. Na hapa kwetu sehemu ya mtu aliye hai haichukuliwi na mtu mwingine. Kwa hiyo imekaa tupu miaka yote hiyo.

Nimemkumbuka leo kuliko siku aliyoondoka. Siku ile nilikuwa na hasira, ikanisaidia.

Jumanne, 3 Oktoba

Kuvuna zabibu kutwa. Mgongo.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimewaita Sotir na Lefteri. Sotir ana miaka sabini na minne, ana mbuzi kumi na moja na mizinga ya nyuki, na maneno anayatoa kwa kipimo. Sijawahi kumpenda sana. Siku zote nimemwona mtu mwenye roho nyembamba, anayehesabu hata tone la raki unalommiminia. Lakini kijijini tumebaki watu kumi na tisa, na wanaojua kushika iso ni wawili, wote nyumba moja.

Tulikaa bega kwa bega mbele ya kompyuta, saa nne asubuhi kwetu, saa moja jioni kwa Pandeli. Nikaanzisha. Wakashika. Tuliimba ubeti mzima, na nilipomwangalia Pandeli niliona anatafuta kitu kwa macho.

"Tali, mbona unaimba peke yako? Hao wenzako hawajafika?"

Sotir alikuwa amekaa pale uso mwekundu, mishipa ya shingo imemtoka. Pandeli alimwona, lakini hakumsikia. Alikuwa amesikia sauti yangu tu, tena ikikatika.

Jumapili, 8 Oktoba

Jana nilishuka mjini Përmet, kwa Dhurata anayetengeneza simu. Ana miaka kama thelathini na tano, kutwa anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kopo, na anawaita wanawake wote shangazi. Aliniambia kimaikrofoni kilichomo ndani ya kompyuta ni tundu dogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, kimewekwa kwa ajili ya mtu mmoja anayeongea karibu. Watu watatu wanaoimba kitawashinda. Nikanunua maikrofoni ya kusimama mezani, yenye waya mrefu na pini ya kuchomeka pembeni.

Leo nimeichomeka. Pini iliingia vizuri kabisa, ikalia tiki, nikajiona fundi. Hapohapo Pandeli akanyamaza. Mdomo wake ulikuwa unacheza, sauti hakuna. Nilipiga kelele, "Unanisikia?" na yeye akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ananisikia, tena vilevile vibaya. Nikaichomoa, sauti yake ikarudi katikati ya neno.

Nimeona mdomo wa kaka yangu ukizungumza bila sauti, miezi miwili kabla ya wakati wake. Nilienda kukaa na kuku.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mvua ya kwanza. Sotir ameziba paa la zizi, hakusema salamu.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimerudi kwa Dhurata na kompyuta yenyewe nikiwa nimeifunga kwenye taulo. Akanionyesha. Tundu la pembeni ni moja tu, linatumika kwa kusikia na kwa kusema, na linataka pini yenye mistari mitatu myeusi. Ya kwangu ina miwili. Kompyuta ikadhani nimechomeka kitu cha kuvaa masikioni, ikapeleka sauti yote ya Pandeli kwenye maikrofoni, ambayo haina pa kuitolea. Na yenyewe ikaendelea kusikiliza kwa kile kitundu chake cha zamani.

Alinipa kiadapta kifupi. Pini inaingia kwenye kiadapta, kiadapta kinaingia kwenye tundu la USB. Halafu akasema bado.

"Shangazi, kuchomeka si kuambia. Lazima uiambie isikilize wapi. Ingia kwenye mipangilio, sauti, halafu chagua."

Akanifundisha jinsi ya kuhakikisha. Unafungua pale penye mstari mdogo wa kijani unaoruka sauti inapoingia. Unaikwaruza maikrofoni kwa ukucha. Halafu unaikwaruza kompyuta. Ule mkwaruzo unaorusha mstari juu, hapo ndipo inaposikiliza. Nilikwaruza maikrofoni, mstari ukalala. Nikakwaruza kompyuta, ukaruka. Nikaenda nikachagua jina la kiadapta kwenye orodha, nikakwaruza tena, na safari hii mambo yakageuka. Nina miaka sitini na mmoja na nimefurahi kama niliyepata mjukuu.

Jumapili, 22 Oktoba

Siku mbaya.

Ilianza vizuri. Pandeli alisikia kila kitu. Alisikia Lefteri akiweka kikombe, akasikia jogoo, akauliza ni jogoo wa nani. Akacheka hadi akakohoa. Nikaanzisha wimbo, wenzangu wakashika iso, na kwa sekunde mbili nikaona uso wake unafunguka. Halafu ukajifunga.

"Mbona mnaikata?"

Hatukuikata. Tukarudia. Kila mara alisema vilevile, iso inaanza, inazama, inapotea, anabaki na sauti yangu tu. Mara ya nne akachoka, akasema jambo ambalo nadhani alilikusudia kuwa mzaha.

"Sotir, ndugu yangu, umezeeka. Pumzi imekwisha?"

Sotir alisimama. Alisema yeye tangu azaliwe hajawahi kukata iso, hakuikata kwenye harusi yake mwenyewe, hakuikata jeshini, na kama kuna mtu aliyekata kitu basi ni yule aliyepanda basi akaenda mwisho wa dunia. Akachukua kofia, akatoka. Lefteri akamfuata, akisahau shali yake. Pandeli aliniuliza ana nini, nikamwambia ana mbuzi.

Nimemchukia Sotir leo. Mgonjwa anatania, yeye anaondoka. Zimebaki wiki sita.

Jumatano, 25 Oktoba

Mvua. Nimepeleka shali. Sotir hakutoka nje.

Lakini Lefteri alinivuta hadi jikoni, akafunga mlango. "Shoga yangu, usimseme vibaya. Tangu siku ile ya kwanza anakwenda zizini kila asubuhi anashika iso peke yake, anajipima kwa saa ya ukutani. Ameibeba hadi kule. Mbuzi wenyewe wamechoka."

Nilisimama na kijiko mkononi. Miaka yote hiyo nimemwita mtu wa roho nyembamba.

Jumapili, 29 Oktoba

Kwetu saa imerudishwa nyuma kwa ajili ya majira ya baridi, kwake haikurudishwa. Alipiga mapema nikiwa bado na mikono ya unga. Tukaongea sisi wawili tu. Sauti yake imepungua. Nilitaka kumwambia asiongee, aitunze, na nilitaka asinyamaze.

Alhamisi, 2 Novemba

Dhurata amekuja mwenyewe, anakwenda kwa shangazi yake halisi kijiji cha juu, akapitia kwangu. Nikamwambia yote, kwamba sauti yangu inafika na iso haifiki. Akaniambia niishike mimi. Nikashika, eee, ndefu, mbele ya maikrofoni. Yeye alikuwa ameipigia simu yake kutoka kwenye kompyuta yangu, amesimama nayo uani anasikiliza. Akarudi ndani anacheka, maganda ya alizeti kwenye kidevu.

Maikrofoni haina kosa. Kosa liko kwenye programu ya kupigia. Ndani yake kuna kitu cha kusafisha kelele, na kinafanya kazi bila kuombwa. Sauti inayopanda na kushuka kinaihesabu kuwa mtu. Sauti isiyobadilika kinaihesabu kuwa feni, au friji, au gari nje, kinaifuta ili watu wasikilizane vizuri. Na iso ikishikwa sawasawa haibadiliki. Kadiri Sotir alivyoshika vizuri, ndivyo alivyofutwa haraka.

Alinionyesha pa kukizima. Kitufe kimoja, ndani ya mlango wa tatu wa mipangilio. Nimempa Dhurata chupa mbili za gliko, na asingenizuia ningempa na jogoo.

Nikaenda zizini. Sotir alikuwa anakama, hakuinua kichwa. Nikamweleza taratibu, kwamba mashine ilimsikia, tena ilimsikia vizuri mno, ikadhani yeye ni feni.

"Feni," akasema.

"Feni. Au friji."

Aliendelea kukama mpaka mwisho. Kisha akaniuliza Lefteri naye alihesabiwa nini. Nikasema friji. Mabega yake yakaanza kutikisika, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka, maana sikuwahi kumwona. Nikamwomba msamaha, si kwa ajili ya mashine. Hakuniuliza ni kwa ajili ya nini.

Jumapili, 5 Novemba

Amesikia.

Alikaa kimya ubeti mzima, mkono kwenye shingo pale wanapopiga mionzi, machozi yanateremka bila yeye kuyafuta. Kisha akafungua mdomo aingie kwenye sehemu yake. Tulisikia sauti yake ikija, nyembamba, imechanika pembeni, ila yake. Nilitaka wakati usimame.

Lakini ilikuja imechelewa. Sekunde moja na nusu labda. Kwake yeye aliingia kwa wakati, kwetu alikuwa amepitwa. Lefteri alimngoja, iso ikayumba, Pandeli akasikia imeyumba naye akangoja, na sisi tukamngoja yeye anayetungoja. Wimbo ukaanguka. Mara tatu. Mara ya tatu akakohoa na binti yake Anila akaja akamwondoa kwenye kiti.

Nilimpigia Dhurata simu, anasema ucheleweshaji huo hauna kitufe. Ni umbali tu.

Ijumaa, 10 Novemba

Mto Vjosa umejaa, maji yana rangi ya matope.

Jumapili, 12 Novemba

Dakika nne tu. Anila ndiye aliyeongea zaidi.

Jumatano, 15 Novemba

Lefteri ametoa wazo kwamba tumwite yule mwalimu wa kijiji cha bondeni, ana sauti nzuri, aimbe sehemu ya Pandeli, turekodi, tumpelekee awe anasikiliza. Sotir aliweka glasi chini. Akasema siku atakayosikia mtu mwingine kwenye sehemu ya Pandeli ndiyo siku atakayovaa suti nyeusi. Yakaishia hapo. Nilimshukuru moyoni.

Jumapili, 19 Novemba

Sauti yake leo ni pumzi zaidi kuliko sauti. Alinong'ona kwamba haidhuru, tuache, amekwisha sikia iso na inatosha. Kaka yangu hajui kusema uongo, hata kwa kunong'ona.

Ijumaa, 24 Novemba

Nimekaa siku tano na jambo moja kichwani, leo nimelisema.

Wimbo unaanguka kwa sababu tunamsikia. Tusipomsikia, hatutamngoja. Tukizima sauti yake huku kwetu, mimi nikaimba beti zangu na kumwachia nafasi ya beti zake, Sotir na Lefteri wakashika moja kwa moja bila kuyumba, basi kule kwake atapata wimbo mzima chini ya miguu yake na ataingia kwa wakati. Picha nayo inachelewa, kwa hiyo na skrini tuifunike, la sivyo midomo yake itatuvuta. Yeye atasikia kila kitu. Sisi hatutasikia chochote.

Au tufanye kinyume. Yeye aimbe peke yake bila kutusikia, sisi tushike iso chini ya sauti inayotoka kwenye kompyuta, tupate wimbo mzima humu chumbani. Hilo nalo linawezekana.

Naandika ukweli kwa sababu daftari halisomwi na mtu. Nilitaka hili la pili. Miaka ishirini na sita nimeanzisha wimbo nikasimama mlangoni pa sehemu yake, hakuna aliyejibu. Nilitaka kumsikia akinijibu mara moja kabla hawajamkata. Niliwaeleza yote mawili nikajitahidi sauti yangu isionyeshe upande ninaouegemea, lakini Sotir si mjinga.

"Dada Eftali," akasema, "mgonjwa ni nani?"

Nilikwenda kuleta kitambaa cha kufunikia.

Jumapili, 3 Desemba

Saa nne kasoro nilikwaruza maikrofoni kwa ukucha, nikakwaruza kompyuta. Nikafungua mlango wa tatu nikaangalia kitufe, kimezimwa. Nikakwaruza tena. Lefteri akaniambia nitaitoboa.

Pandeli alikuwa amevaa shati jeupe na vitu vikubwa vya masikioni, Anila nyuma yake. Alikuwa anatunza sauti yake. Nikamweleza tutakavyofanya, akainamisha kichwa. Nilimwambia nitamwachia pumzi mbili za Sotir kwa kila ubeti wake, maana ndivyo alivyokuwa akienda zamani, na asituogope, hatutamkimbilia wala kumkimbia. Alinitazama muda mrefu. Alijua ninachokizima. Kisha nikazima sauti yake na kuifunika skrini.

Tuligusanisha mabega. Mbele yetu kulikuwa na meza, maikrofoni, na kitambaa cha maua cha mama. Nikaanzisha.

Sotir na Lefteri waliingia pamoja, na nilijua kuanzia pumzi ya kwanza kwamba zile asubuhi za zizini hazikupotea. Sakafu ilitetemeka chini ya viatu vyangu. Nikaimba ubeti wangu hadi mwisho, pale unapoachwa umening'inia ili mwingine audake, nikanyamaza. Ikabaki iso peke yake. Hapo ndipo alipokuwa anaimba. Nilikuwa nimefumba macho nikihesabu pumzi za Sotir, moja, na nikajikaza nisinyooshe mkono kuvuta kile kitambaa. Nilitamani kumsikia hadi meno yakaniuma. Pumzi ya pili. Nikaingia tena kwenye ubeti wangu, nikimwamini kwamba ameumaliza wake.

Beti tano. Mara tano nilimwachia nafasi, na mara tano sikusikia kitu ila watu wawili wazee wakishika sauti moja. Sijawahi kuwa mpweke namna ile, wala kuwa karibu naye namna ile.

Tulipomaliza hakuna aliyethubutu kugusa kitambaa. Hatimaye Sotir ndiye aliyekiondoa na mimi nikarudisha sauti. Pandeli alikuwa ameegemea kiti, jasho limemlowesha kola. Anila alikuwa anamfuta. Alituangalia mmoja mmoja, akasogea mbele, na alichosema kilitoka kwa shida.

"Lefteri alipungukiwa pumzi ubeti wa nne."

Lefteri akapiga kelele kwamba ni mwongo, na alikuwa analia, na kweli alipungukiwa, nilimsikia na mimi.

Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kutoka kinywani mwa kaka yangu.

Jumatano, 6 Desemba

Anila ameandika. Saa tisa za upasuaji. Yuko hai.

Jumamosi, 9 Desemba

Theluji mlimani. Mbuzi wawili wa Sotir wanakohoa.

Jumatano, 13 Desemba

Anila amenitumia kitu, na samahani ndefu. Alirekodi kwa simu yake ile Jumapili, amesimama kando ya baba yake, lakini kwa sababu sisi tulikuwa ndani ya masikio ya Pandeli, simu haikutusikia. Imeshika sauti yake tu. Anasema haina maana bila sisi, ila hakutaka kuifuta.

Sijaifungua. Naizunguka simu yangu na kazi zangu zote za nyumbani.

Jumapili, 17 Desemba

Pandeli amerudi nyumbani kutoka hospitali na amepiga, bandeji shingoni, na ubao mdogo mweupe wa kuandikia. Ana rangi mbaya na macho mazuri. Sotir alimsalimia, akaeleza habari za mbuzi kwa urefu ambao sikuwahi kuusikia kwake. Pandeli, niliyekwisha kumsimulia kisa cha mashine, aliandika kwenye ubao FENI, akaugeuza tuuone.

Kisha nikafanya nililolipanga bila kumwambia mtu. Niliweka simu yangu mezani karibu na maikrofoni nikaifungua ile rekodi. Kwanza ilikuwa kimya tu, muda mrefu, kimya cha chumba chao, kiti kikilia, kwa sababu pale mwanzoni ni mimi niliyekuwa naimba. Wenzangu walielewa kabla sijasema. Wakashika iso. Nikaanzisha juu ya kile kimya chake, nikaimba ubeti wangu hadi pale unaponing'inia, nikanyamaza.

Akajibu. Humu chumbani, kwenye meza ya mama, kaka yangu akaudaka wimbo, akaugeuza, akaurudisha kwangu, sauti imechanika lakini kila neno liko mahali pake. Nilitakiwa kuingia nikashindwa, Lefteri akanifinya, nikaingia nimechelewa, safari hii ni mimi. Tukaenda hivyo hadi ubeti wa tano. Kule Melbourne alikuwa anatusikia wote wanne, yeye mwenyewe akiwa wa nne.

Mimi nilikuwa nimelowa uso mzima na sikujali. Pandeli aliinamia ubao wake, akaandika, akaufuta kwa kiganja, akaandika upya. Akauinua.

TENA.

Sotir alikunywa maji, akasogeza kiti karibu na maikrofoni.